Ndoo ya Humaid Hairudi Tupu

Nyumbani kwa Maulida maziwa hayanywewi mpaka yachemke mara tatu. Yanapanda, anayashusha, yanapanda tena, anayashusha, ya tatu ndipo anatia iliki iliyotwangwa, anazima jiko na kuyafunika. Hivyo ndivyo alivyofanya mama yake kule Kikwajuni, Unguja, na hivyo ndivyo anavyofanya yeye hapa Ibra mpaka leo. Hata maziwa ya pakiti ya dukani, ambayo kiwanda kizima kimeshahangaika nayo, huyarudisha jikoni yakachemke upya. Mumewe husema iko siku atataka kuchemsha na mvua kabla haijafika chini.

Alikuja Oman akiwa msichana mdogo, miaka ile ya sabini ambapo watu wa Unguja wenye jamaa huku walikuwa wakirudi, nyumba moja baada ya nyingine. Kurudi ndivyo watu walivyoita, ingawa Maulida hakuwa amefika hata mara moja. Alikuta mji wa mitende na vumbi, na jamaa wema wanaozungumza Kiarabu kisichofanana kabisa na kile alichokisoma chuo cha Kurani. Shuleni wenzake walimwita Zinjibariya, yaani Mzanzibari. Hawakumwita kwa ubaya mkubwa, lakini jina likikuganda utotoni halibanduki kwa maji ya bomba. Basi akajifunza. Akajifunza kusema Kiarabu cha Ibra hata mtu asiyemwona asiweze kumtambua, akajifunza kupika harisi, kunywa kahawa chungu kwa tende, na kutikisa kikombe anapotosheka. Kiswahili alikifungia ndani ya nyumba, pamoja na vitumbua na mkate wa kumimina. Kila Jumatano aliuza kofia za viua alizoshona kwa mkono wake kwenye soko la wanawake, na hakuna kilichomfurahisha kama mnunuzi mgeni kumwambia, "Wewe ni wa hapa hapa, siyo?"

Marzouq, mumewe, hakuwa na shida hizo. Alizaliwa Tabora katika familia ya Waarabu wa bara, na alikuja na Kiarabu kibovu ambacho hakukionea haya hata kidogo. Alifanya kazi baladia, ofisi ya manispaa, mpaka akastaafu, na nusu ya mji ilimjua kwa mizaha yake. Mkewe akimsahihisha matamshi, jibu lake lilikuwa moja tu miaka yote. "Mimi mtu wa Tabora, bibie. Ufasaha nawaachia nyinyi wa Unguja mjini."

Mtoto wao ni mmoja, Adham, anayefanya kazi benki Maskati. Alipokuwa chuo pale Ibra alimpenda msichana aitwaye Wiam, na hapo ndipo usingizi wa Maulida ulipokatika. Babake Wiam, Humaid, ni bedui wa ukingoni mwa jangwa la mchanga, mwenye ngamia, mwenye jina, mtu ambaye ukiuliza babu wa babu yake anakutajia bila kuvuta pumzi. Posa ilipelekwa, na Humaid hakujibu. Ukapita mwezi, ukapita mwingine. Maulida alikuwa na hakika anajua sababu, na kila akiwaza alisikia lile jina la shuleni. Halafu, joto lilipovunjika na watu wakaanza kutoa makoti kabatini, Humaid akatuma neno kwamba amekubali. Harusi iwe baada ya Mfungo wa Ramadhani. Maulida alisujudu hapo hapo jikoni, uso wake karibu na gunia la mchele.

Ijumaa iliyofuata Humaid alikuja mwenyewe na gari lake la jangwani, mkononi ana ndoo ndogo ya stili yenye mfuniko. Ndani yalikuwa maziwa ya ngamia, povu bado halijatulia.

"Ngamia wangu mwekundu ametupa mimba," alisema, kwa Kiarabu chake kizito cha nyikani. "Mtoto hakuishi. Maziwa yake nimeyaweka kwa ajili ya watu wangu, na sasa nyinyi ni watu wangu."

Maulida alikaribia kulia. Aliipokea ile ndoo, akageuka kuelekea jikoni, na mkono wake, wenyewe, bila kuulizwa, ukaenda kwenye sufuria. Humaid alimwona kupitia mlango.

"Umm Adham, usiyatie moto," aliita akicheka. "Anayeyachemsha haya hajui maziwa ni kitu gani."

Mkono ukaiacha sufuria. Maulida alicheka pia, akachukua bakuli safi, akamimina maziwa kama yalivyo, na kumpelekea mumewe. Marzouq aliyanywa yote, povu likabaki kwenye masharubu, akasifu kwa Kiarabu chake kibovu mpaka mgeni akafurahi. Maulida mwenyewe alilowesha midomo tu akasingizia tumbo. Na kwa kuwa chombo cha mtu hakirudi kitupu, si Unguja wala Ibra, aliijaza ile ndoo kaimati kabla Humaid hajaondoka. Alichagua kaimati kwa sababu Waomani nao wanazo. Siku hiyo kulikuwa na vitumbua pia, vya moto, lakini hivyo aliviacha vimefunikwa.

Tangu hapo ndoo ikawa inakwenda na kurudi. Inakuja na maziwa, inarudi na kaimati, au halua, au tende zilizokaangwa kwa samli. Marzouq alikunywa kila ilipokuja. Na ilipoingia baridi yenyewe, ile ya Ibra inayowashangaza wanaodhani Oman ni jua tu, Marzouq akaanza kuumwa.

Mwanzoni lilikuwa jambo dogo. Mafua yalikuwa mji mzima, na kila nyumba ilikuwa na mtu anayekohoa chini ya blanketi. Lakini mafua ya Marzouq hayakuwa na kikohozi. Asubuhi aliamka mzima, akanywa chai, akatania, akatoka kwenda kuota jua barazani. Ikifika alasiri alianza kutetemeka. Jioni aliungua, na alfajiri kanzu yake ilikuwa imeloa jasho mpaka unaikamua. Maulida akibadilisha mashuka, akijiambia leo nampeleka kwa daktari kwa nguvu, jua likichomoza mgonjwa ameshakaa kitako anauliza kifungua kinywa kiko wapi. Utampelekaje kwa daktari mtu anayekula mkate na mayai?

Hatimaye walikwenda, na aliyewapeleka ni Humaid kwa gari lake, maana Adham alikuwa Maskati. Daktari aliuliza maswali yake. Mmesafiri? Hapana. Kuna mgonjwa mwingine nyumbani? Hapana. Mnakunywa maziwa yasiyochemshwa? Humaid alikuwa amesimama mlangoni, funguo za gari mkononi.

Marzouq na mkewe walitazamana kidogo.

"Daktari," alisema Marzouq, "nyumbani kwangu maziwa yanachemshwa mpaka yanatubu."

Daktari alicheka, Humaid akacheka, na Maulida akacheka kuliko wote. Marzouq hakuona kwamba amesema uongo. Aliona amefanya adabu, kwani nani atasimama mbele ya mtu aliyekuletea zawadi na kukupakia garini mwake, aitie zawadi hiyo kasoro mbele ya mgeni? Waliandikiwa dawa za mafua, wakarudi nyumbani. Humaid aliona jinsi mwenzake alivyokonda, naye, kwa mapenzi yake, akaongeza maziwa. Sasa ndoo ilikuja kila baada ya siku mbili. Maziwa ya ngamia ni dawa, alisema, na kila aliyemsikia alikubali, kwa sababu huku kila mtu anajua hivyo.

Homa ikaondoka yenyewe. Ikarudi. Ikaondoka tena, safari hii kwa siku nyingi, Maulida akachinjisha mbuzi wa shukrani, na nyama haijaisha kwenye friji homa ikarudi na maumivu ya kiuno juu yake. Hapo ndipo kichwa cha Maulida kilipoanza kuchafuka. Ugonjwa unaozidi, mtu anauelewa. Ugonjwa unaopungua anauelewa pia. Huu ulikuwa unacheza naye, na hakujua aulaumu nini.

Dada yake Marzouq, Radhia, anakaa Manah, karibu na Nizwa, nyumba ya shambani. Akasema leteni mgonjwa abadilishe hewa. Wakaenda. Na huko Manah Marzouq akapona. Alitembea kwenye mashamba, akala samaki, akamtania dadake kuhusu kuku wake. Maulida alimpigia simu Adham akamwambia kumbe ni hewa tu, hewa ya Ibra haipatani na babako. Wakakaa mpaka wakaona haya ya kukaa. Wakarudi nyumbani, Humaid akaja na ndoo kupongeza, na baada ya siku chache Marzouq alikuwa kitandani, hawezi kujigeuza bila kushikwa.

Basi ikawa nyumba ndiyo yenye kasoro. Maulida alihamisha kitanda kutoka chumba kimoja hadi kingine. Akaosha tangi la maji. Akatupa mablanketi ya zamani, akanunua mapya, akayaosha hayo mapya pia. Akasoma Yasini mpaka sauti ikamkauka, akaandikisha kombe, aya za zaafarani zilizooshwa kwa maji, na mgonjwa akanywa bila kubisha. Sokoni, Rumaitha anayeuza udi jirani yake alimwambia kwamba tatizo halina siri.

"Ni jicho, dada yangu. Umepata posa kwa watu wakubwa. Unadhani wote wamefurahi?"

Maulida alirudi nyumbani akimkumbuka kila mtu aliyempa hongera, na kwa usiku mzima alimshuku hata Rumaitha mwenyewe. Asubuhi aliona aibu. Mzee mmoja akashauri Marzouq achomwe chuma cha moto kiunoni, dawa ya wazee. Marzouq alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye si ngamia, na Maulida alifurahi kumsikia akitania, kisha akaenda chooni akalia, kwa sababu mumewe alikuwa hajatania kwa muda mrefu.

Katika kushuku kila kitu, alifika mpaka kwenye maziwa. Aliifikiria ndoo ya mkwe wa mwanawe akajichukia. Lakini desturi ya mama yake kule Kikwajuni haikumtoka, na siku moja, Humaid alipokwisha kuondoka, alifunga mlango wa jikoni akayachemsha. Mara tatu. Iliki hakutia, ili harufu isimsaliti. Akafanya hivyo tena ndoo ilipokuja, na tena, kila mara akihofu mlango utagongwa na mtu mwenye jina kubwa amkute anaharibu dawa yake kwa moto.

Homa haikuondoka. Ilikaa pale pale, kila alasiri, kana kwamba imelipia chumba.

Kama kuna siku Maulida alipotea njia kabisa, ni hiyo. Alijiona mtu mbaya. Mtu anakuletea kilicho bora cha mifugo yake, nawe unakipika kwa siri ukikituhumu, na kumbe hakina kosa. Tena labda, alijiambia, kwa kuyachemsha ndiyo maana hayamsaidii. Akaacha kuchemsha. Akarudi kummiminia mumewe maziwa mabichi bakuli hadi ukingoni, na ndoo akairudisha imejaa halua mpaka mfuniko haukufunga vizuri, msamaha ambao Humaid mwenyewe hakujua anaombwa.

Wiki moja kabla ya Mfungo, Marzouq aliamka akamwita mkewe kwa jina la mama yake mwenyewe. Kisha akaanza kusema lugha ambayo Maulida hakuifahamu hata neno. Ilimchukua muda kutambua kwamba ni Kinyamwezi, cha yaya aliyemlea Tabora, lugha ambayo katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kumsikia akiitumia. Alikaa ukingoni mwa kitanda amemshika mkono, mumewe anamuuliza jambo kwa Kinyamwezi, anamuuliza tena, anasubiri jibu. Maulida aliitikia "naam" bila kujua amekubali nini. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake, na alimpigia Adham simu aje.

Safari hii walimlaza hospitali kubwa. Daktari alikuwa msichana mdogo, mpole, ambaye hakuandika kitu mpaka amesikiliza yote. Adham alisimama upande mmoja wa kitanda. Upande wa pili alikuwa Humaid, aliyetoka mchangani alfajiri baada ya kupata habari, na mkononi, bila shaka, ana ile ndoo.

"Nauliza tena swali lililoandikwa kwenye faili kwamba limeshaulizwa," alisema daktari. "Je, mzee anakunywa maziwa yasiyochemshwa? Ya mbuzi, ya ngamia?"

"Hapana, daktari," alijibu Adham upesi. "Mama anachemsha hata ya pakiti."

Humaid aliitikia kwa kichwa, maana naye alishasikia mzaha huo, akaamini kwamba akishaondoka wao huyachemsha. Maulida aliitazama ndoo. Aliiona harusi ndani yake, aliiona miezi ile ya kungoja jibu, alimwona mwanawe amevaa kanzu mpya na hanjari. Kisha kitandani Marzouq akauliza tena lile swali lake la Kinyamwezi, polepole, kama mtoto anayemuuliza mtu aliyemwamini.

"Anakunywa," alisema Maulida. "Tangu baridi ilipoanza. Ya ngamia. Mabichi."

Adham alimgeukia mama yake.

"Yanatoka wapi?" aliuliza daktari. "Lazima nijue, kwa sababu huenda na wengine wanaumwa."

Maulida akaanza kunyoosha shuka la mgonjwa. Angeweza kusema la mumewe, lakini kumtaja mtu aliyesimama mbele yake hakuweza.

"Kwangu," alisema Humaid.

"Kuna mnyama aliyetupa mimba mwaka huu, mzee?"

Humaid aliweka ndoo sakafuni, taratibu, akaisukuma kidogo chini ya kitanda ili mtu asijikwae, akatoka. Walimsikia akitembea kwenye ukumbi, na kisha hawakumsikia tena.

Damu ilipopimwa, daktari alimketisha Maulida akamweleza bila haraka. Ni homa ya Malta. Inakaa kwenye maziwa ya mnyama mgonjwa, inapanda na kushuka hivyo hivyo kama alivyoiona, na ikiachwa inashika mifupa na kichwa. Moto unaiua ikiwa bado kwenye sufuria. Ikishaingia mwilini, hata uchemshe maziwa ya Oman nzima haitoki. Inatolewa na dawa, kwa wiki nyingi. Maulida alisikiliza, na kila neno likamrudisha kwenye lile jiko lenye mlango uliofungwa. Alikuwa ameushika ukweli mkononi mwake kwa siku kadhaa, kisha akautupa.

Marzouq aliletwa nyumbani katikati ya Mfungo, mwembamba, anatembea kwa mkongojo, akili zake zimemrudia lakini kiuno hakijamrudia chote. Vidonge vilikuwa vingi na vilimkata hamu ya kula. Adham alikuja kila mwisho wa wiki. Kiswahili chake ni cha kubahatisha, na siku moja alianza nacho kisha kikamwishia.

"Shikamoo mama. Yule baba yake Wiam bado hasemi. Na mimi, na Wiam, hata mtu hasemi." Halafu akahamia Kiarabu, kwa sababu alichotaka kukisema kilikuwa na makali. "Ungengoja atoke, mama. Dakika mbili tu. Ungemwita daktari pembeni."

Maulida aliendelea kuhesabu vidonge vya mgonjwa. Mwanawe alikuwa na haki, na mumewe alikuwa hai, na mambo hayo mawili hayakutaka kukaa pamoja kichwani mwake. Shawwal iliingia, watu wakasherehekea Idi, na harusi hakuna aliyeitaja, wala kuivunja.

Ndoo ilikuwa kwenye rafu ya jikoni. Aliiosha siku aliyoileta kutoka hospitali, akaikausha, akaifunika. Kila alipoipita ilimuuliza jambo. Kuirudisha tupu ni kumwambia mtu kwamba baina yetu basi. Kuirudisha imejaa, imejaa nini, na apelekewe na nani, na kama akikataa kuipokea? Siku moja aliijaza halua, akaiweka karibu na mlango, akaitazama tangu adhuhuri mpaka magharibi, akaitoa halua akaipanga upya kwenye sahani.

Humaid alikuja alasiri moja, bila simu. Maulida alimfungulia lango na kitu cha kwanza alichokiona ni mikono. Katika kujuana kwao mtu huyu hakuwahi kuingia bila kitu, na sasa mikono ilikuwa mitupu na mwenyewe hakujua aiweke wapi. Aliingia sebuleni, akamsalimia Marzouq kwa kumbusu paji la uso, akakaa karibu na godoro lake. Walikunywa kahawa. Waliulizana habari za mvua. Maulida alikaa mlangoni baina ya sebule na jikoni, ambako aliweza kuwaona wote wawili, akingoja neno la harusi lianguke, upande wowote.

Mwisho Humaid aliinuka. "Umm Adham, nimekuja kuchukua ndoo yangu."

"Ngoja niitie kitu, Abu Wiam."

"Nipe hivyo hivyo."

"Haitoki hapa tupu."

"Nilikuwa namuua mwenzangu huku namwambia anywe, ni dawa," alisema Humaid. Sauti yake haikupanda. "Watu wa mifugo wamekuja. Yule mwekundu hayupo tena, na wenzake watatu. Na damu yangu mimi mwenyewe imepimwa, imekutwa hiyo hiyo. Maumivu haya ya magoti ninayoyasingizia uzee kila baridi, kumbe ndiyo hiyo. Nipe ndoo tupu, Umm Adham. Ndiyo haki yangu."

Maulida alitikisa kichwa. Alikuwa ameshaichukua ndoo rafuni, lakini mkono ulioishika haukuinyoosha.

Humaid alikaa tena, safari hii kwenye kizingiti, mtu mzima aliyechoka. "Nina jambo moja silielewi, na nimelifikiria mpaka nimechoka. Siku ile ya kwanza nilikuona. Mkono wako ulikwenda kwenye sufuria. Kwa nini hukuyachemsha?"

"Ulisema nisiyatie moto."

"Nilitania. Watu wa mjini nawatania wote. Ungenambia, sisi kwetu hatunywi hivi, ningecheka nikanyamaza."

Maulida alitazama sakafu. Kwa miaka yote aliyokaa Ibra hakuwahi kulisema neno hilo mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya mtu wa huku. "Niliogopa utasema sisi ni Wazanzibari."

Uso wa Humaid ulikuwa wa mtu aliyepotezwa kabisa na mazungumzo.

"Lakini nyinyi ni Wazanzibari," alisema. "Mji mzima unajua. Nilijua siku mlipoleta posa."

"Ukakawia kujibu."

"Wiam alikuwa hajamaliza mitihani. Mwenyewe alinikataza nisijibu kwanza." Alipangusa uso kwa mkono wake mtupu. "Nilijua nampeleka binti yangu kwa nani, Umm Adham. Na harusi yao ipo, mkiwa bado mnatutaka sisi."

Msimu mzima wa baridi Maulida alikuwa amemmiminia mumewe ugonjwa kwenye bakuli, kwa mkono wake, ili kuficha kitu ambacho hakuna mtu aliyekuwa akikitafuta. Alitaka kumwambia Humaid asante, na alitaka kumpiga, na zaidi alitaka kujipiga mwenyewe. Machozi yalimtoka bila yeye kuyaruhusu.

Kutoka kwenye godoro, sauti nyembamba ya Marzouq ikasema kwa Kiswahili, "Mwambie asitie watu wote kapu moja. Mimi mtu wa Tabora."

"Anasema nini?" aliuliza Humaid.

Maulida hakuweza kutafsiri. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na alipoona hawezi kuacha, aliingia jikoni na ile ndoo. Mezani kulikuwa na mkate wa kumimina, umepikwa asubuhi kwa sababu Marzouq, kwa mara ya kwanza tangu dawa zianze, aliamka akautamani. Mgonjwa alikuwa amekwisha kula kipande. Maulida aliukata uliobaki vipande vikubwa, akaujaza ndani ya ndoo mpaka juu, akabana mfuniko.

Humaid aliipokea kwa mikono miwili. Aliufunua mfuniko pale pale kizingitini, akanusa iliki na nazi, akauliza hiki ni kitu gani. Maulida akamtajia jina lake kwa Kiswahili.